Maji Tuliyoyavuta Usiku

Mama msomaji, kama umezaliwa au kuolewa huku kwetu Usukumani, hatuna haja ya kukueleza ndoo ya lita 20 ni kitu gani. Unaijua kwa shingo. Unajua jinsi mama mjamzito anavyoishusha kwanza mpaka gotini ndipo aitue chini, na jinsi binti wa darasa la sita anavyofika shuleni akiwa amekwisha kuchoka kabla kengele ya kwanza haijalia.

Sisi tunaoandika ni akina mama saba wa mtaa mmoja hapa Bariadi mjini. Tunasali pamoja, tunaweka akiba pamoja kila Jumamosi chini ya mwembe wa mwenzetu, na kwa muda wa miezi minne, mwaka 2021, tuliiba maji pamoja. Tunaandika "tuliiba" kwa kuwa ndilo neno lenyewe. Wakati ule tulikuwa na maneno mengine yenye kupendeza zaidi: tulisema tumevuta, tulisema tumesaidiwa na fundi. Mmoja wetu hakupenda habari hii itoke gazetini. Tulizungumza naye Jumamosi mbili, akakubali kwa sharti kwamba asitajwe mtu yeyote kwa jina, na kwamba tueleze pia jinsi tulivyolipa. Basi tumeandika yote.

Bariadi haikuwa mji mkubwa tulipoolewa. Mwaka 2012 Serikali iliumega mkoa wa Shinyanga, ukazaliwa mkoa wa Simiyu wenye wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na Bariadi ikawa makao makuu. Zikaja ofisi na watumishi wake, nyumba za kupanga zikaota kama uyoga baada ya mvua, na mabomba yakabaki nyuma. Maji ya mji yalitoka kwenye visima virefu na yaligawiwa kwa zamu. Siku ya zamu yenu usipokuwapo nyumbani, umekosa.

Bomba la jumuiya huku kwetu tunaliita gati. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mwananchi wa kijijini asitembee zaidi ya meta 400 kufuata maji, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Gati la mtaa wetu lilikuwa karibu kuliko hizo meta 400, kwa hiyo mtu akitupima kwa kamba angesema hatuna shida. Lakini shida yetu haikuwa mwendo, ilikuwa foleni. Ndoo zilipangwa tangu saa kumi alfajiri, na asiyekuwa na mtoto wa kumwacha hapo aliweka jiwe liwe badala yake. Mara ngapi tumeona akina mama wazima wakigombana juu ya jiwe! Kiangazi kikikaza, waliokosa zamu walikwenda mtoni kufukua mchanga, wakangoja maji yachuruzike kidogo kidogo ndani ya shimo, wakateka kwa kibuyu. Saa nzima kwa ndoo moja, na ng'ombe nao wamesimama nyuma yako wakingoja.

Katika kikundi chetu tulikuwa tumefikisha akiba ya shilingi milioni moja na laki nne. Tukaona tuitumie kuingiza maji majumbani mwetu. Hilo lilikuwa wazo jema, na mpaka leo hatulijutii.

Tulikwenda ofisini watatu kwa niaba ya wote. Dada aliyetupokea alitueleza vizuri. Alisema kila nyumba ijaze fomu yake. Aambatanishe picha ndogo, nakala ya kitambulisho, na karatasi inayoonyesha kwamba kiwanja ni chake, au barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kisha mpimaji angekuja kuangalia bomba kubwa liko wapi, apige hesabu ya mabomba na viungio, nasi tungepewa namba ya malipo tulipie benki au kwa simu, tusimpe mtu fedha mkononi. Dira ni mali ya mamlaka, akasema, wala haiuzwi. Na kama bomba litapita kwenye kiwanja cha jirani, jirani huyo aandike kwamba ameridhia.

Tulitoka pale tumejaa furaha. Tulipofika chini ya mwembe na kuanza kujaza zile fomu, furaha ikapungua.

Fomu ilianza kwa kuuliza jina la mwenye nyumba. Swali dogo tu. Lakini jaribu kulijibu ukiwa mke. Mmoja wetu, karatasi ya kiwanja ilikuwa na jina la mumewe, naye yuko machimboni Geita, simu yake hupatikana kwa bahati. Wa pili ni mpangaji, na mwenye nyumba anaishi Mwanza. Wawili walinunua viwanja vyao kwa mzee mmoja, mbele ya mashahidi, kwa karatasi ya daftari yenye dole gumba. Mzee amefariki na shahidi mmoja amehama. Mwenzetu mjane, kiwanja alichojenga yeye na marehemu kilikuwa na karatasi yenye jina la marehemu, na karatasi hiyo alikuwa nayo shemeji yake huko kijijini. Ni wawili tu waliokuwa na karatasi zao ndani, na hata hao, jina lililoandikwa lilikuwa la baba watoto.

Tulitazamana. Kati yetu sote saba, hakuna aliyewahi kumwona mume akibeba ndoo kichwani. Na kati yetu sote saba, hakuna aliyekuwa na jina la kuandika pale juu.

Kulikuwa na neno la pili. Mpimaji alipokuja, akaonyesha kwamba bomba kubwa liko ng'ambo ya barabara, na njia fupi ya kutufikia inapita katikati ya kiwanja cha mama mmoja ambaye tulikuwa hatusalimiani naye. Mbuzi wa mmoja wetu waliwahi kuingia kwake wakamla michembe yote aliyoianika juani, kazi ya wiki nzima, nasi hatukwenda kumwomba radhi. Basi tungemwendeaje sasa na karatasi ya kusaini? Bila njia hiyo, gharama ilizidi laki nne kwa kila nyumba.

Hapo ndipo alipotokea yule kijana. Mjini watu wa namna yake wanaitwa vishoka, nawe unawafahamu: ana spana mfukoni, anajua kila mtu ofisini kwa jina, anasema "Mama, hilo jambo dogo." Alitaka shilingi laki moja na nusu kwa kila nyumba. Hakuna fomu, hakuna jirani. Dira, alisema, zingeletwa baadaye. Mmoja wetu, ambaye ni bibi mwenye wajukuu, alinong'ona kwamba rahisi ghali. Tulimsikia. Tulihesabu fedha, tukampa kijana milioni moja na elfu hamsini, na usiku wa Alhamisi moja akaja na wenzake wawili wakachimba kwa tochi, wakapitisha bomba la nusu inchi kwenye kichochoro cha nyuma.

Alfajiri tulifungua koki. Tusidanganyane: ilikuwa siku njema. Mama mmoja alikaa chini kwenye saruji akayaacha maji yamwagike miguuni mwake mpaka mwanawe akamwambia, "Mama, yanaisha." Tulifua mapazia. Binti zetu walikwenda shule wakiwa wamevaa sare kavu na wamekunywa chai. Mwenye mtoto mchanga aliacha kuhesabu nepi. Tulimshukuru Mungu kwa midomo yetu wenyewe, Jumapili, mbele ya watu. Hilo ndilo linalotuumiza zaidi tunapolikumbuka.

Wiki ya tatu gati likaanza kutoa maji membamba kama uzi. Wiki ya tano likawa linakauka saa tatu asubuhi, wakati zamani lilikwenda mpaka saa sita. Lile gati lilikuwa chini ya mtaa, kwenye bomba lile lile tulilotoboa, na sisi tulikuwa juu yake. Akina mama wasioweza kulipia bomba la nyumbani hata kwa mwaka mzima, wauza mboga na wanaopalilia pamba za watu, wakarudi mtoni kwenye mchanga. Mmoja wao alisimama katika ibada ya akina mama akaomba tumwombee, maana mgongo wake ulikuwa umekataa. Tukamwombea. Nyumba saba zenye maji zilifumba macho zikamwombea.

Kabla hatujakamatwa, tulianza kuadhibiwa na maji yenyewe. Baadaye fundi wa kweli alitueleza jambo ambalo kila mama anapaswa kulijua. Maji ya mgao yanapokatwa, bomba hubaki tupu, na bomba tupu hunyonya. Kiungio kikiwa hakikukazwa vizuri, na hasa kikiwa kimelala kwenye tope la kichochoro ambako maji ya kufulia na ya chooni hupita, uchafu huingia ndani, na maji yakirudi huyasukuma yote mpaka kwenye kikombe chako. Watoto wawili wa nyumba zetu waliharisha kwa siku nne. Mmoja alilazwa na kuwekewa maji ya mshipa. Mama yake alikuwa akimpa maji ya bomba bila kuchemsha, kwa sababu aliamini ya bomba ni salama.

Mwezi wa nne mafundi wa maji walipita wakitafuta kwa nini gati limekauka. Walifuata bomba hatua kwa hatua wakisikiliza, wakachimba, wakakuta mkono wa yule kijana. Hawakutukana mtu. Walikata, wakaandika, wakamwita mwenyekiti wa mtaa. Simu ya kishoka haikupatikana tangu siku hiyo.

Tulijifunza mengi katika wiki ile. Huduma za maji nchini zinaongozwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019, na kwa sheria hiyo kujiunganishia maji bila idhini ni kosa la kupelekwa mahakamani. Si ugomvi wa mteja na ofisi. Tulielezwa pia kwa nini wanalifuatilia kwa ukali hivyo. Kiwango cha upotevu wa maji kinachovumiliwa na EWURA, mdhibiti wa huduma hizi, ni asilimia 20. Katika mamlaka nyingi nchini zaidi ya robo ya maji yanayosukumwa hupotea, kwa mabomba yaliyopasuka na kwa watu kama sisi. Umeme wa pampu umelipiwa, dawa ya kuyatibu imelipiwa, na anayefidia ni yule mama anayelipa ndoo yake kwenye gati kila siku. Tulikuwa tukifikiri tumechukua kitu cha Serikali. Kumbe tulichukua cha yule wa mgongo.

Tulitozwa faini na gharama ya maji yaliyokadiriwa, tukaruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Akiba iliyobaki haikutosha. Mwenzetu mmoja aliuza kitenge cha harusi ya mdogo wake, wengine waliuza kuku, na kwa miezi saba kikundi hakikumkopesha mtu.

Lakini jambo gumu kuliko faini lilikuwa nyumbani. Watatu kati yetu hatukuwa tumewaambia waume zetu habari ya kishoka. Tulisema ni "mradi wa kikundi." Mume wa mmoja ni mzee wa kanisa, naye alizisikia habari kwenye mkutano wa mtaa, amekaa mbele, kofia mkononi. Alirudi nyumbani akala chakula chake chote. Kisha akasema, "Mama watoto, kwa hiyo mimi nimekuwa nikioga maji ya wizi na kwenda kushika sahani ya sadaka." Hakusema zaidi. Kesho yake alfajiri alifunga madumu mawili kwenye baiskeli akaenda gatini mwenyewe, akapanga foleni na wanawake, na akaendelea hivyo kwa wiki tatu. Wanaume wenzake walimcheka. Mkewe anasema angependa angefokewa. Hata hivyo, baada ya wiki hizo tatu, ni yeye aliyeweka fomu mezani na kusema, "Haya, tuandike majina yote mawili."

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba karatasi za nyumba si kazi ya mwanamke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mke ana haki sawa na mume ya kupata mali, kuwa nayo na kuiuza. Inasema pia kwamba mume au mke hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria za Ardhi mbili za mwaka 1999, ile ya Ardhi na ile ya Ardhi ya Vijiji, zimetamka kwamba haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Sheria hizi zina umri mkubwa kuliko mabinti zetu, na sisi tulizisikia kwa mara ya kwanza kwa sababu ya bomba la maji!

Yule wa Geita alimpata mumewe kwenye simu siku ya tisa. Mume aliongea na mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti akaandika barua, na fomu ikapokelewa. Mpangaji aliandikiwa ridhaa na mwenye nyumba wake wa Mwanza, ikaja kwa basi ndani ya bahasha. Mwenye nyumba aliridhia upesi kabisa, maana nyumba yenye maji kodi yake hupanda, nasi tulimshauri mwenzetu waandikishane habari ya kodi kabla ya kutia hata senti moja. Wale wawili wa dole gumba, shahidi mmoja alifuatwa Itilima, akaja, akathibitisha mbele ya serikali ya mtaa. Ilichukua muda. Lakini mambo haya yote yangewezekana tangu mwanzo, kabla ya kumwona yule kijana na spana yake.

Kisha tulikwenda kwa mama wa michembe. Tulikwenda wote saba, tumebeba debe la viazi na kilo tano za unga, mwenye mbuzi akiwa mbele. Alituacha tukisimama uani muda wa kutosha, akiendelea kupepeta karanga. Yeye alikuwa mmoja wa wale wa gati. Mwishowe akasema, "Mayu, mbuzi niliwasamehe siku nyingi. Gati sijawasamehe bado, lakini karatasi leteni." Alitoa masharti mawili: mtaro ufukiwe kabla ya masika ng'ombe wake asivunjike mguu, na siku atakapopata fedha naye aunganishwe kwenye bomba hilo hilo bila kutulipa sisi.

Sharti la pili lilitukera, tuseme kweli. Bomba tungelinunua sisi kwa jasho letu. Tulikwenda ofisini kuuliza, na tukajibiwa kwamba bomba likishaungwa na kukabidhiwa linakuwa sehemu ya mtandao, halina mwenyewe mtaani, na mteja mwingine anaweza kuunganishwa kutoka hapo. Mmoja wetu bado hajalikubali jambo hilo moyoni. Wengine tuliona kwamba baada ya kukausha gati kwa miezi minne, hatukuwa na uso wa kudai bomba la mtu.

Baada ya malipo tulihesabu siku. Mikataba ya huduma kwa mteja ya mamlaka nyingi za maji huahidi kuunganisha ndani ya siku 7 za kazi tangu mteja amalize kulipa, na ni vema, mama, uiulize ofisi yako ahadi yake ni ipi, ukaandike tarehe ya risiti yako. Ukiona umecheleweshwa bila sababu, anza kwa meneja wa hapo hapo. Usiporidhika kuna EWURA, na kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, ambalo kazi yake ni kumsemea mtumiaji. Ninyi mnaoishi vijijini mtaanzia kwenye chombo cha watumiaji maji cha jamii yenu, chini ya RUWASA, wakala ulioanza kazi mwaka 2019. Sisi mabomba yalikuja, dira zikafungwa sita.

Zilikuwa sita, siyo saba, kwa kuwa mjane wetu alikuwa bado.

Shemeji yake hakukataa kwa ukali. Alisema tu karatasi ni ya ukoo, na kwamba akitaka maji atavutiwa, kwa jina lake yeye shemeji. Wazee kadhaa waliona hilo ni jambo la heshima. Nasi, kwa haya tunaandika, baadhi yetu tulimshauri akubali, ili watoto wapate maji. Yeye alikataa. Alisema, "Leo jina la maji, kesho jina la nyumba."

Hakuwa akiota ndoto. Kanuni za urithi wa kimila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimweka mjane pembeni, na kesi mashuhuri kuhusu kanuni hizo ilitoka kwetu. Wajane wawili wa Kisukuma wa mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijamegwa, waliondolewa kwenye nyumba za waume zao na upande wa marehemu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini haikuzifuta. Mwaka 2010 rufaa yao ikatupwa kwa sababu za kiufundi. Na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa, na kuitaka Tanzania irekebishe sheria. Mwenzetu aliisikia habari hiyo kwa msaidizi wa sheria aliyekuja kufundisha kanisani. Sisi wengine siku hiyo tulikuwa tukipika chai ya wageni jikoni.

Basi aliitisha kikao cha ukoo. Wazee wawili wa kanisa walikwenda naye, na yule mzee wa baiskeli alikuwa mmoja wao. Baba mkwe wake, mzee sana, ambaye hakuna aliyemtarajia kusema, aliuliza swali moja: matofali ya nyumba ile yalifyatuliwa na nani? Kila mtu alijua. Aliyafyatua marehemu na mkewe, naye mkewe akiwa ndiye aliyebeba maji ya udongo kutoka mtoni. Muhtasari wa kikao ukaandikwa, ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo, akathibitishwa yeye kuwa msimamizi wa mirathi. Safari za mahakamani, matangazo, kuahirishwa, yote yalichukua karibu mwaka mzima.

Mwaka huo wote alichota maji kwetu. Tulikuwa na hofu, maana katika mkataba tuliosaini mteja wa nyumbani haruhusiwi kuuza maji wala kumpitishia mtu mwingine. Tulimwuliza afisa kama ndoo ya jirani ni kosa. Alicheka, akasema wanachotafuta wao ni mpira uliovushwa ukuta kwenda nyumba ya pili na mtu aliyegeuza koki yake kuwa duka, si mama aliyekuja na ndoo yake. Tukapumua. Lakini mjane mwenyewe hakupenda kuchota bure. Kila alipokuja alifagia ua, hata tulipomkataza, na watoto wetu wakaanza kumwita kwa jina la kazi hiyo, mpaka tukawachapa.

Katika miezi hiyo mji mzima ulikuwa ukizungumzia maji ya Ziwa Victoria. Ziwa liko ndani ya mkoa wetu, pale Busega, na mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha euro milioni 102.7 kwa mradi wa Simiyu wa kuyavuta maji hayo kuja huku. Tulikuwa tukishangaa kwa nini watu wakae na kiu na ziwa wanaliona. Mwalimu mstaafu wa mtaa wetu akatueleza kwamba huko nyuma hata ziwa lilikuwa na karatasi yenye jina la mwingine: mwaka 1929 Uingereza iliiahidi Misri kwamba kazi yoyote ya kupunguza maji ya Mto Nili na maziwa yake isifanyike katika makoloni yake bila Misri kuridhia. Tanganyika ilipopata uhuru, mwaka 1962 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba haifungwi na mkataba ambao haikuusaini. Maji ya ziwa yalifika Kahama na Shinyanga kwa bomba, na mradi ule ukazinduliwa mwaka 2009. Mjane wetu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe hata yeye alikuwa na shemeji." Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Dira yake ilifungwa mwezi Machi, mvua zikiwa zimeanza. Nakala ya mkataba aliipeleka dukani ikafungwa kwa nailoni ngumu, akaiweka kwenye mfuko mmoja na kadi za kliniki za watoto. Hakufua mapazia kama sisi. Siku ya kwanza alijaza ndoo mbili, moja akaipeleka gatini kwa yule mama wa mgongo, akarudi, akafunga koki kwa nguvu.

Ana daftari. Kila asubuhi binti yake, kabla ya kwenda shule, huinama kwenye dira na kusoma tarakimu kwa sauti, naye huandika na tarehe. Ankara ikija kwenye simu huilinganisha na daftari lake, na mara moja alikuta tofauti ya uniti tatu, akaenda, ikarekebishwa siku hiyo hiyo. Sisi wengine ndipo tulipokwenda kununua madaftari.